Visa ya ustaafu: pesa iliyolala na pesa inayotiririka

Wanachama, salaam. Tangu kikao chetu cha Mwanjelwa simu haijapoa, na karibu kila anayepiga anauliza visa ya ustaafu, ile ya kwenda kuishi nje ukishastaafu, ni shilingi ngapi. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: pesa yako imekaaje?

Nimekaa dirishani benki miaka 26, kwa hiyo stetimenti naisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Shemeji yangu wa Mafinga aliuza miti yake ya mbao akaenda kuomba visa. Niliiona stetimenti yake baadaye. Miezi mitano salio linacheza kati ya elfu arobaini na laki mbili, halafu unakuja mstari mmoja mnene wa milioni 68, na siku sita mbele yake makato ya barua ya benki. Miti ile aliilea miaka zaidi ya kumi, lakini ofisa hakuiona. Aliona mstari mmoja. Akamkatalia. Shemeji hakudanganya mtu, ila hakuambatanisha hati ya mauzo, wala pesa haikuwa imelala.

Hatua ya kwanza: jua nchi unayoitaka inadai rundo (pesa nyingi iliyolala benki) au mtiririko (kipato kinachoingia kila mwezi).

Afrika Kusini inadai mtiririko: randi 37,000 kila mwezi, kutoka kwenye pensheni au mali zinazozalisha kiasi hicho. Nikipiga randi kwa shilingi 140, ni kama milioni 5.2 kwa mwezi. Kenya, kibali cha daraja K, ni dola 24,000 kwa mwaka, umri kuanzia miaka 35, na hufanyi kazi. Thailand inakuachia uchague: rundo la baht 800,000 benki, au mtiririko wa baht 65,000 kwa mwezi, ilimradi umefika miaka 50.

Chukueni kalamu hapa. Nikiiweka baht kwa shilingi 80, rundo ni milioni 64, na mtiririko ni milioni 5.2 kwa mwezi, sawasawa na wa Afrika Kusini. Ili upate milioni 5.2 kila mwezi bila kufanya kazi, tuseme kwa hati fungani zinazolipa asilimia 12 kwa mwaka, unahitaji mtaji wa milioni 520. Rundo la milioni 64 linafungua mlango uleule wa Thailand. Sisi huku fedha inakuja kwa mkupuo: mkupuo wa mafao, mavuno ya parachichi, miti, kahawa ya Mbozi. Pensheni ya mwezi ni hadithi nyingine, kila aliyepitia kikokotoo, ile hesabu ya kupanga mafao, anajua. Kwa hiyo mtu wetu atafute nchi ya rundo. Kuhangaika na nchi ya mtiririko kwa pensheni ya mwalimu ni kuchoma nauli za Dar bure.

Hatua ya pili: laza pesa. Kabla hata hujaihamisha, iache kwenye akaunti yako ya hapa miezi sita, na kila kiasi kikubwa kiwe na karatasi yake: barua ya mafao, hati ya mauzo, risiti ya ushuru wa mazao ya misitu. Mteja akikulipa kwa simu kidogokidogo, mwambie aingize benki.

Hatua ya tatu: hamisha. Hapa naongelea Thailand. Njia wanayoipita wengi ni kuingia kwa visa ya Non-Immigrant O ya siku 90, kufungua akaunti huko, kutuma fedha kwa TT (uhamisho wa benki kwa benki) kutoka Tanzania kwa jina lako mwenyewe, kisha kuomba kuongezewa mwaka mmoja. Ile karatasi ya benki ya kule inayoonyesha fedha imetoka nje ya nchi, usiipoteze.

Hatua ya nne: kalenda, na hapa ndipo watu wanapoanguka mwaka wa pili. Baht 800,000 zinatakiwa ziwe zimekaa miezi miwili kabla ya kuomba nyongeza na miezi mitatu baada ya kuipata. Muda unaobaki salio lisishuke chini ya 400,000. Mwaka mzima basi, miezi 5 rundo kamili na miezi 7 nusu. Ukitoa nusu ujengee choo cha shule kijijini, kumbuka irudi kwa wakati. Na rundo hilo si la kula. Chakula, pango na dawa vina fungu lao.

Hatua ya tano, fupi: ada ya nyongeza ni baht 1,900, unaripoti makazi yako kila siku 90, ukitoka nchini bila kibali cha kurudi, nyongeza yako imekufa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tukuyu: Shikamoo mzee. Nina nyumba mbili za kupangisha na shamba la parachichi. Mthamini kaandika milioni 300. Si inatosha?

Marahaba mwanangu. Thamani ya shamba si pesa mbele ya uhamiaji, hata mthamini angeandika bilioni. Kodi ya nyumba ndiyo inaweza kuhesabika kwa nchi ya mtiririko, lakini wewe kama sisi sote unachukua ya miezi sita kwa mkupuo. Andika mkataba unaotaja kiasi cha kila mwezi, pokea kwa benki, lipa ile asilimia 10 ya TRA. Bila stakabadhi ya TRA, mkataba ni karatasi ya kufungia maandazi.

Jibu la mwuliza: Ndaga fijo mzee. Mandazi yenyewe siku hizi wanafungia mifuko.

Mwanachama wa Makambako: Nikikopa SACCOS nijazie, nikishapata nyongeza nirudishe?

Utarudisha lini, wakati zinatakiwa zilale miezi mitatu baada? Riba itakula nyumba. Na wapo vijana wanaouza stetimenti za kuchapisha. Uhamiaji wakiikamata hiyo unafungiwa kuingia, na huku unaweza kuwa na kesi ya kughushi.

Mwanachama wa Iringa: Kamwene. Mimi nina 61, mama watoto ana 47. Kila mmoja awe na baht laki nane zake?

Kamwene. Hapana, kwa Thailand mke anaweza kukufuata kama mtegemezi wako juu ya rundo lako moja, hata kama hajafika 50. Kinachotakiwa ni cheti cha ndoa. Kama mlifunga kimila mkaishia kwa wazee, anzeni na usajili sasa, kisha uhakiki wa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Cheti cha Kiswahili kitafsiriwe. BAKITA wanafanya kazi hiyo.

Mwanachama wa Uyole: Pensheni yangu ni milioni 1.2 kwa mwezi. Naweza kuchanganya?

Sheria inaruhusu jumla ya mwaka ifike 800,000. Pensheni yako kwa mwaka ni milioni 14.4, yaani baht 180,000 kwa hesabu yangu. Zibaki 620,000 za benki, karibu milioni 50. Umeokoa milioni 14 na ushee, lakini umejitwika kuthibitisha pensheni, na ofisi za uhamiaji za mikoani kule hazifanani kwa jambo hili. Mimi ningeuza ng'ombe nikamilishe rundo.

Mwanachama wa Vwawa: Bima je?

Ukiomba daraja la O-A ukiwa hapa nyumbani, ni lazima, ya baht milioni 3. Kwa njia niliyoeleza juu haidaiwi, ila usiende bila bima, hospitali za kule zinalipisha.

Mwanachama wa Rungwe: Samahani kwa swali baya. Nikifia huko, zile pesa?

Si baya, ndilo nililotaka mtu aulize. Benki inafunga akaunti mpaka mahakama ya kule imtaje msimamizi wa mirathi. Mke akiwa na kadi yako ya benki na namba ya siri, akitoa baada ya kifo anaweza kushitakiwa. Andika wosia kuhusu akaunti hiyo kulekule, kwa lugha ya kwao, mwaka wa kwanza. Nakala moja mpe mtoto aliyebaki huku.