Kujiandaa na Marafiki kwa Triathloni ya Kilomita 113: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kutoka Dar es Salaam

Mwongozo huu nimewaandikia watu watatu, wanne au watano wanaoishi Dar es Salaam au mji mwingine wa pwani, wenye kazi na familia, ambao wamekubaliana kushiriki triathloni ya kilomita 113, yaani kuogelea kilomita 1.9, kuendesha baiskeli kilomita 90 na kumalizia kwa kukimbia kilomita 21.1, mfululizo. Umbali huo ni nusu ya ule ulioanzia Hawaii mwaka 1978, ambako watu 15 walijitosa majini na 12 wakafika mwisho. Mfano ninaoutumia ni wa Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambako mashindano ya umbali huu yalifanyika kwa mara ya kwanza Agosti 2022, kwa sababu yako ndani ya Afrika Mashariki na yanadai mambo kadhaa ambayo pwani haimfundishi mtu.

Rafiki atakutoa kitandani saa 11 alfajiri, siku ambayo kengele ya simu ungeizima. Hata hivyo, rafiki huyohuyo akiwa na pumzi kukuzidi atakuharibia mazoezi ukishikilia kumfuata. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimwandama mwenzetu mmoja kila Jumapili kwa wiki sita, na wiki ya saba ikanikuta goti limevimba na mwendo wangu mwenyewe siujui. Kwa hiyo mpango wetu wote tuliujenga upya juu ya kanuni moja: tunaanza pamoja, kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake, kisha tunakutana tena mahali na saa tulizokubaliana. Baharini peke yake ndiko kusikokuwa na kuachana.

Hatua ya 1: Kila mtu apimwe kabla ya mpango kuandikwa

Anzeni kwa daktari, hasa wenye umri wa zaidi ya miaka 35, wenye shinikizo la damu na wale ambao hawajafanya mazoezi kwa miaka mingi. Kisha nendeni kwenye bwawa lenye urefu unaojulikana, na kila mtu aogelee mita 400 kwa nguvu zake zote, apumzike vizuri, halafu aogelee mita 200 vivyo hivyo. Toa muda wa mita 200 katika muda wa mita 400, gawanya kwa mbili, na jibu ndilo mwendo wako wa kila mita 100 unaoweza kuumudu kwa muda mrefu. Aliyetumia dakika 9 na sekunde 20 kwa mita 400, na dakika 4 na sekunde 30 kwa mita 200, mwendo wake ni dakika 2 na sekunde 25. Asiyeweza kuogelea mita 400 bila kusimama haendi baharini na kundi mpaka aweze, na katika hili tusioneane haya.

Kwa baiskeli na kukimbia, kipimo chetu ni mazungumzo. Mwendo ambao bado unaweza kutamka sentensi ndefu bila kuikata ndio mwendo wa mazoezi marefu. Ukibaki na maneno mawili matatu tu, umeshapitiliza.

Hatua ya 2: Pangeni wiki 20 kwa kuhesabu kurudi nyuma

Mkihesabu kutoka katikati ya Agosti, wiki ya kwanza inaangukia mwishoni mwa Machi, yaani masika yakiwa ndiyo yanaanza. Sisi huanza na saa sita kwa wiki na kupanda hadi saa kumi, kwa utaratibu wa wiki tatu za kuongeza na moja ya kupunguza. Jumanne ni bwawani, Jumatano na Alhamisi kila mtu hukimbia na kuendesha kwa nafasi yake, Jumamosi ni baharini na Jumapili ni baiskeli ndefu. Ijumaa ni ya kupumzika, na kumbukeni kwamba mwili hujengeka katika mapumziko na usingizi.

Mwezi wa Ramadhani ukiingia ndani ya wiki hizo, wanaofunga wasilazimishwe kufuata ratiba ya wasiofunga. Wenzetu hufanya mazoezi mepesi katika saa ya mwisho kabla ya kufuturu, na yale yenye nguvu huyapeleka usiku, baada ya tarawehe, wakiwa wameshakula na kunywa. Mazoezi marefu ya jua huachwa mpaka baada ya Idi. Tulipoanza kupanga hivyo tuligundua kwamba hata wasiofunga walipenda kukimbia usiku, kwa kuwa jiji limepoa.

Hatua ya 3: Someni bahari kabla ya kuiingia

Hapa ndipo ninapoomba msomaji awe mvumilivu, kwa maana makosa ya nchi kavu humrudisha mtu nyumbani akichechemea, ilhali ya majini huenda yasimrudishe.

Anzeni na mwezi. Katika siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kisha hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Maana yake ni kwamba mkiingia saa 12:30 asubuhi siku ya bamvua, maji yanatoka kwa nguvu na yatawavuta kuelekea kina kirefu, na mtakaporejea mtakuta miamba iko nje pamoja na wale wadudu wenye miiba mieusi wanaosubiri nyayo. Katika siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi hiyo maji yanajaa taratibu, mkondo ni hafifu, na ukichoka bahari inakusogeza ufukweni. Kwa hiyo kuogelea baharini tumekuweka katika Jumamosi za maji mafu, na Jumamosi za bamvua tunarudi bwawani.

Kisha angalieni upepo. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi ni msimu wa kusi, yaani upepo utokao kusini, na bahari huchafuka zaidi kadiri siku inavyosonga, hivyo ingieni mapema, mara tu kunapokuwa na mwanga wa kutosha kuonana. Mvua kubwa ya masika ikishanyesha, kaeni mbali na midomo ya mito kama Msimbazi kwa siku kadhaa, kwa sababu kila kilichokuwa mitaroni kimeshashuka baharini.

Kila anayeingia awe na mwenzake wa jozi mwenye mwendo unaokaribiana na wake, kofia ya rangi inayoonekana na boya dogo la kufunga kiunoni, ili wenye boti za injini wamwone. Sisi huchanga fedha na kumlipa mvuvi mmoja atufuate kwa mtumbwi wake. Huyu anaujua mkondo wa eneo lake kuliko sisi sote, na akisema leo hapana, mjadala umekwisha. Mkiwa majini, inueni macho kila baada ya mapigo sita hadi nane na kutazama kitu kisichosogea ufukweni, kama mnara au paa refu, kwani bahari haina mstari mweusi wa kufuata kama ule wa bwawani.

Hatua ya 4: Geukeni kwa saa, msigeuke kwa kilomita

Kutoka Tegeta hadi Bagamoyo na kurudi ni safari inayokaribia kilomita 90, na Jumapili alfajiri malori na daladala ni machache. Tunaondoka saa 12:15, taa zikiwaka mbele na nyuma, kwa mstari mmoja kushoto kabisa mwa barabara. Kwa dakika 20 za kwanza tunakaa pamoja ili kila mtu apashe mwili moto. Baada ya hapo kila mmoja anashika mwendo wake. Ikifika saa 2:00 kamili, kila mtu anageuza baiskeli mahali alipo, awe amefika Bagamoyo au yuko bado Mapinga. Aliye mbele ana njia ndefu zaidi ya kurudi, wa nyuma ana fupi, na wote hufika Tegeta kwa tofauti ya dakika chache, hakuna aliyemsubiri mwenzake kwa saa nzima wala aliyejiua kwa kumkimbilia.

Msifanye kosa la kugawa muda nusu kwa nusu wakati wa kusi. Upepo huo hukusukuma ukielekea kaskazini, ukajiona bingwa, kisha hukupinga njia yote ya kurudi.

Kuna sababu nyingine ya kuachana. Katika mashindano haya ni marufuku kujificha nyuma ya baiskeli ya mwenzako ili akukingie upepo. Kanuni ya kawaida ni kuacha mita 12, na adhabu huwa dakika tano za kusimama. Aliyezoea kuvutwa na kundi kwa miezi mitano atakuta miguu yake haijawahi kuukata upepo.

Kila mtu abebe tyubu mbili, pampu na vifaa vya kutolea tairi, na awe ameshaziba pancha kwa mikono yake mwenyewe nyumbani. Fundi hayupo katikati ya Kerege saa 1 asubuhi.

Hatua ya 5: Unganisheni baiskeli na kukimbia

Kuanzia wiki ya nane, kila baada ya Jumapili mbili, tunashuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo. Miguu huwa mizito kama magogo kwa dakika kumi hivi, kisha hufunguka. Kimbieni kwenye mzunguko mfupi wa kilomita moja au mbili, ili wenye kasi na wasio na kasi wapishane na kuonana bila kulazimika kukimbia pamoja. Dakika 20 zinatosha mwanzoni.

Hatua ya 6: Zoezeni tumbo

Katika saa tatu au nne za baiskeli, wengi huhitaji gramu 60 hivi za wanga kwa saa. Chupa ya mililita 750 yenye gramu 40 za sukari na robo ya kijiko cha chai cha chumvi, pamoja na ndizi mbivu moja ya wastani, inakufikisha hapo kwa gharama ndogo. Jipime uzito kabla na baada ya saa moja ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Msinywe kupita kiasi mlichopoteza, kwa kuwa maji mengi mno hupunguza chumvi katika damu na ni hatari kweli.

Hatua ya 7: Jiandaeni kwa yale ambayo pwani haina

Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi ya kukubeba, na barabara za Rwanda ni za milima. Mabwawa ya jijini yatawazoeza kuelea kwa shida. Vilima vya Pugu na Kisarawe viwe vyenu mara mbili kwa mwezi, mkipanda kwa gia nyepesi. Kwa kimo hicho, fikeni siku chache mapema na mpunguze matarajio ya muda. Tena, Rwanda magari hupita kulia. Aliyezoea kushoto hukosea hasa kwenye kona na anapopita mwenzake, basi mkifika mzunguke taratibu mpaka mkono uzoee.

Hatua ya 8: Wiki mbili za mwisho na siku yenyewe

Punguzeni urefu wa mazoezi hadi karibu nusu, lakini bakizeni vipande vichache vya kasi. Msijaribu kiatu kipya, chakula kipya wala kiti kipya cha baiskeli. Usiku wa kuamkia mashindano, kubalianeni mahali pa kukutana baada ya mstari wa mwisho, na simu zote, funguo na kandambili ziwekwe kwenye mfuko mmoja ambao wa kwanza kumaliza atauchukua na kukaa nao hapo mpaka wa mwisho afike.