Kuchanganya oili na petroli ya injini ya boti ya mipigo miwili: anza kwa kuipima petroli

Tuelewane maneno kwanza. Neno "mafuta" limewaponza wengi kwenye kazi hii, maana mtu akikwambia "nimeshaweka mafuta" hujui ametia petroli au oili. Humu petroli itaitwa petroli na oili itaitwa oili. Msaidizi wako naye mzoeshe kusema hivyohivyo.

Injini ya mipigo miwili haina bakuli la oili chini kama ya gari. Petroli na hewa hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, chini ya pistoni, ndipo hupanda silindani. Oili iliyomo kwenye petroli hubaki njiani: kwenye beringi, kwenye koneti rodi, kwenye ukuta wa silinda. Hakuna oili nyingine inayofika huko.

Hatua ya 1: Je, injini yako inachanganyiwa?

Ikiwa ina kijiti cha kupimia oili, ni ya mipigo minne. Usiichanganyie.

Zipo za mipigo miwili zenye tenki dogo la oili pembeni na pampu inayojichanganyia yenyewe. Hizo tenki la petroli hutiwa petroli tupu, isipokuwa zikiwa mpya, ambapo watengenezaji wengine hutaka na petroli nayo ichanganywe kwa saa za mwanzo. Tatizo ni injini zilizotumika. Mafundi wengi huiondoa ile pampu ikishaanza kusumbua na kuliacha tenki la oili likining'inia kama pambo. Ukinunua injini ya namna hiyo, tia petroli iliyochanganywa 50:1 (maana yake iko Hatua ya 2) kwenye tenki kubwa, weka alama ya kalamu kwenye kimo cha oili cha lile tenki dogo, kisha iendeshe saa moja au mbili kwa mwendo wa kazi. Oili isiposhuka hata kidogo, pampu haifanyi kazi, na utachanganya kwa mkono siku zote.

Hatua ya 2: Uwiano

Fuata kitabu cha injini au kibandiko kilichopo kwenye kifuniko. Kama huna, nyingi za sasa ni 50:1, yaani sehemu hamsini za petroli kwa moja ya oili. Hesabu yake ni nyepesi: gawa 1000 kwa uwiano, upate mililita za oili kwa kila lita ya petroli. Kwa 50:1 ni mililita 20 kwa lita:

- lita 5: mililita 100
- lita 10: mililita 200
- lita 20: mililita 400
- lita 24: mililita 480
- lita 25: mililita 500

Injini mpya, au iliyofunguliwa na kuwekwa pistoni na ringi mpya, kwa kawaida hupewa oili maradufu, 25:1 (mililita 40 kwa lita), kwa saa 10 za mwanzo. Injini kongwe sana zenye bushi badala ya beringi hutaka 24:1 maisha yao yote.

Kuna vitabu vinavyoruhusu 100:1. Johnson na Evinrude ziliwahi kuuruhusu uwiano huo katika miaka ya 1980, kisha zikarudi kwenye 50:1. Kwa boti ya kazi, inayobeba mzigo na kukimbia saa nyingi kwa resi kubwa, sishauri 100:1 hata kama kitabu kinauruhusu kwa matumizi mepesi. Unachookoa ni mililita 10 za oili kwa lita.

Na kuzidisha je? Wengi hudhani ukiongeza oili kidogo umejipa usalama. Kidogo sawa, ila kuna kitu husahauliwa: kabureta hupitisha kiasi kilekile cha kimiminika, kwa hiyo oili inapoongezeka, petroli hupungua. Kwa hewa ileile injini inachoma petroli chache na inazidi joto. Juu ya hapo kuna masizi, ringi kunata kwenye mifereji yake na plagi kulowa.

Hatua ya 3: Oili

Tafuta maandishi TC-W3 kwenye chupa, alama ya oili ya injini za mipigo miwili zinazopozwa na maji. Basi. Chupa yenye lakiri, si oili ya kumiminwa kutoka kwenye pipa lisilo na kibandiko.

Oili ya pikipiki ya mipigo miwili imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, yenye joto zaidi, na viambato vyake huacha majivu. Injini ya boti hupozwa na maji na kwa muda mrefu hukaa kwenye resi moja. Majivu yale hujikusanya kwenye plagi na juu ya pistoni, na yanaweza kuwasha petroli kabla ya cheche. Oili ya injini ya gari ni mbaya zaidi kwa sababu hiyohiyo. Ukiishiwa katikati ya maji, ya pikipiki ni afadhali kuliko ya gari, na ya gari ni afadhali kuliko petroli tupu, lakini hapo unarudi pwani polepole, hufanyi kazi.

Rangi ya oili, iwe buluu, kijani au nyekundu, haikwambii ubora. Imewekwa ili uone kama petroli imeshachanganywa.

Hatua ya 4: Pima petroli

Hapa ndipo hesabu nzuri huharibikia. Mtu hupima oili kwa uangalifu wa mfamasia, halafu petroli anaikadiria kwa macho.

Dumu la "lita 20" lina lita 20 likijazwa hadi mabegani. Likijazwa hadi mdomoni huchukua zaidi. Tuseme limeingia lita 23 nawe umetia mililita 400 kwa kuwa dumu ni la ishirini: sasa una 57.5:1. Injini haitakufa siku hiyo, lakini hiyo ni kabla ya kuongeza makosa mengine, na karibu yote huelekea upande uleule wa oili kupungua: dumu kuukuu lililofura kwa jua, oili iliyobaki kwenye kikombe, chupa ya oili isiyojaa.

Njia ninayoiamini ni mita ya pampu kituoni. Soma lita zilizoingia, ziandike juu ya dumu kwa kalamu ya wino usiofutika, na hesabu ya oili itokane na namba hiyo. Usiagize "jaza", agiza lita.

Ukinunua kwa mtu anayemimina, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuliwekea dumu alama mapema: likiwa jipya na limewekwa mahali tambarare, mimina maji lita moja moja kwa kipimo cha uhakika na uchore mstari kila lita 5. Kisha likaushe kabisa, siku nzima mdomo chini na siku nyingine mdomo juu, kwa sababu tone la maji litakutesa baadaye. Ya pili ni mizani. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban kilo 0.74, hivyo lita 20 ni kama kilo 15 ukishatoa uzito wa dumu tupu. Petroli hutofautiana kidogo kwa uzito, lakini kosa lake ni dogo kuliko la macho.

Geji ya kuelea iliyo kwenye tenki la boti si kipimo. Inakuambia nusu au robo, na boti ikiinama inakuambia kitu kingine.

Halafu neno galoni. Kwa wengine galoni ni chombo chochote chenye mpini. Kwenye kibandiko cha chupa iliyotoka Marekani, galoni ni lita 3.785, na kwa 50:1 huhitaji mililita 76 za oili. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, mililita 91. Badilisha kila kitu kiwe lita na mililita kabla hujafungua kizibo, na kibandiko cha galoni ukisahau.

Oili ipime kwa kikombe chenye mistari ya mililita, au chupa ya mtoto ya kunyonyea iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Vizibo vya soda hapana. Oili hung'ang'ania ukuta wa kikombe, hasa kukiwa na baridi. Ukishaimwaga, suuza kikombe kwa petroli kidogo na umwagie humohumo.

Hatua ya 5: Kuchanganya

Dumu au tenki la kubebeka literemshwe chini, likae ardhini. Usijazie likiwa ndani ya boti wala nyuma ya gari lenye tandiko la plastiki: umeme tuli hauna pa kwenda, na mvuke wa petroli ni mzito, hutuama sakafuni mwa boti ukisubiri cheche.

Tia kama nusu ya petroli kupitia faneli yenye chujio. Mimina oili yote. Funga, tikisa dakika nzima. Ongeza petroli iliyobaki, funga, tikisa tena. Acha nafasi ya hewa juu.

Ukitia oili juu ya tenki lililojaa na kuondoka bila kutikisa, oili, iliyo nzito kuliko petroli, huzama. Mrija wa kunyonyea nao uko chini. Injini huanza kwa taabu, moshi mwingi, plagi zinalowa. Baada ya muda inachangamka, moshi unaisha, inakimbia vizuri kuliko siku zote. Utamu huo ni wa petroli tupu, na mwisho wake ni pistoni kukwama silindani. Ikishachanganyika sawasawa haitengani yenyewe kwa kukaa.

Tenki la kudumu lililojengewa ndani ya boti halitikisiki. Changanya kwenye dumu kwanza, kisha mimina.

Kwa kuhakiki, chota kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo na uilinganishe na petroli tupu. Tofauti ya rangi inakuambia oili imo, haikuambii ni kiasi gani.

Hatua ya 6: Kuongezea tenki lenye mabaki

Oili hupigiwa hesabu ya petroli unayoongeza tu. Tenki la lita 24 lina lita 9 za mchanganyiko wa 50:1, unaongeza lita 15: tia mililita 300. Ukitia 480 kwa mazoea ya "tenki zima", utapata takriban 36:1, moshi na plagi chafu. Ukisahau kutia kabisa, utakuwa na zaidi ya 130:1, na hapo unapoteza injini.

Mabaki usiyojua kama yamechanganywa? Kama petroli ni safi na si ya zamani, yahesabu kama petroli tupu na uyatilie oili kamili. Ikiwa kumbe yalikuwa tayari 50:1, umepata 25:1, kero ya plagi tu. Ukikosea kwa upande wa pili umenunua pistoni. Yakinuka kama rangi ya mafuta au yakiwa na maji chini, usiyatumie.

Petroli yenye ethanoli ina shida yake. Maji yakiingia ya kutosha, ethanoli huungana nayo na kuzama chini, huku oili ikibaki juu na petroli. Mrija unanyonya maji na ethanoli bila oili. Kutikisa hakutibu, tenki limwagwe.

Hatua ya 7: Kuunga na kuwasha

Fungua skrubu ya hewa ya kifuniko, mshale wa kibofu cha kusukumia uelekee injini, bonyeza hadi kiwe kigumu. Kama mwanzo ulitumia petroli tupu kimakosa, kumbuka kwamba mpira wa petroli na kabureta bado vimejaa hiyo. Vimwage kabla ya kuwasha.

Hatua ya 8: Plagi na mlio

Baada ya saa kadhaa za kazi fungua plagi zote. Kahawia ya kawaida ni njema. Nyeusi yenye unyevu wa oili: oili imezidi, au injini imekaa sana kwenye resi ndogo. Nyeupe yenye vipele: joto, na chunguza maji ya kupozea kabla hujalaumu mchanganyiko. Vitone vya kung'aa kama fedha ni alumini ya pistoni; simamisha kazi.

Injini ikipunguza kasi yenyewe resi ikiwa ileile, punguza resi papo hapo. Ikizima yenyewe ikiwa moto, usiing'ang'anie kamba. Iache ipoe, kisha jaribu kuizungusha taratibu kwa mkono plagi zikiwa nje.

Mabaki ya safari

Changanya kinachotosha wiki chache, si zaidi. Injini ikilala muda mrefu, fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage petroli iliyomo: petroli huvukiza, oili hubaki kama gundi na kuziba tundu za jeti. Mimi hupendelea hivyo kuliko kuchomoa mpira na kuiacha injini ife kwa kiu, kwani sekunde zake za mwisho huzunguka bila oili ya kutosha. Dumu lililobaki lifungwe kwa nguvu, liandikwe tarehe na uwiano, likae kivulini.