Kuchagua bunduki na risasi ya kuwindia nyati, tembo na simba

Anza na mnyama, kisha kichwa cha risasi (sehemu inayoruka na kumgonga mnyama), kisha kaliba (kipimo cha risasi na mtutu). Bunduki iwe ya mwisho. Wengi hufuata njia hii kinyumenyume: wananunua bunduki iliyowapendeza, halafu wanatafuta risasi ya kuilisha. Anayelipa ni msoma nyayo anayetangulia kumfuata nyati aliyejeruhiwa kichakani.

1. Mnyama na sheria

Nyati dume ana kilo 700 hivi, na bega lake ni mfupa mzito uliofunikwa na msuli mnene. Ubongo wa tembo umejificha nyuma ya mfupa mkubwa wenye vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Simba na chui ni habari nyingine kabisa: ngozi nyembamba, mwili mwepesi, kasi ya kutisha. Kwa hiyo hakuna risasi moja iliyo bora kwa wote.

Soma kanuni za nchi unakokwenda kabla hujanunua chochote. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimeweka kaliba ya .375 (kipenyo kwa inchi) kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Nyingine hutaja nguvu ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu. Namibia, kwa mfano, inadai jouli 5,400 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa nyati na tembo, na kaliba ya 9.3x62 ya kawaida haifiki hapo.

2. Kichwa cha risasi

Hapa usifanye haraka. Kinachoua ni kichwa kilichonyooka hadi moyoni, mapafuni au kwenye ubongo, hata kama njiani kimevunja mfupa. Ukubwa wa tundu ni nyongeza tu.

Kichwa laini hupanuka kikigonga. Chukua kile ambacho madini ya risasi yameunganishwa na gamba lake, au kilichotengenezwa kwa shaba tupu. Vile vya bei nafuu vyenye gamba jembamba huachana vipandevipande begani; nyati hupata jeraha kubwa la juujuu na kukimbia nalo. Kwa simba na chui, kinyume chake, unataka kichwa kinachopanuka mapema, maana kikichelewa kitatokea upande wa pili kabla hakijafanya kazi.

Kichwa kigumu hakipanuki. Hiki ndicho cha tembo. Chagua cha shaba tupu chenye pua bapa, kwa sababu pua ya duara huelekea kupinda njia baada ya kugonga mfupa, nawe hutajua imeishia wapi.

Kwa nyati, risasi ya kwanza iwe laini na zinazofuata ziwe ngumu. Baada ya ile ya kwanza mnyama hugeuka na kukimbia, na unachoonyeshwa ni makalio. Kigumu kinaweza kupenya kutoka nyuma hadi kifuani. Usikitangulize kigumu kwenye kundi: kinaweza kumtoboa unayemlenga na kumjeruhi aliye nyuma yake, na hapo una majeruhi wawili.

Uzito: gramu 19.4 (greni 300) kwa .375, gramu 26 (greni 400) kwa .416, gramu 32.4 (greni 500) kwa .458. Vyepesi kuliko hivyo vina kasi nzuri kwenye karatasi ya kiwandani, lakini hupenya kidogo.

3. Kaliba

.375 H&H Magnum, iliyotoka 1912, hutupa gramu 19.4 kwa mita 770 hivi kwa sekunde, yaani karibu jouli 5,700. Kwa mgeni anayekwenda na mwindaji bingwa, hii ndiyo ningeichagua bila kusita: inatosha kisheria sehemu nyingi, inapatikana kwa urahisi, na teke lake linavumilika, ingawa ni karibu maradufu ya .30-06, kaliba ya kawaida ya kuwindia.

.416 Rigby ya 1911 hufikia takriban jouli 6,900 kwa shinikizo dogo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa. Hilo lina maana kwenye joto, kwa kuwa risasi zilizoachwa juani hupandisha shinikizo, na ganda likigoma kutoka, bolti (komeo linaloingiza risasi na kutoa ganda) nayo inagoma. .458 Lott inakaribia jouli 8,000 na teke lake ni zaidi ya mara tatu ya .30-06. Mwachie anayefyatua mara kwa mara. Anayefumba macho kabla ya kufyatua .458 ni hatari kuliko anayelenga vizuri kwa .375.

4. Bunduki yenyewe

Ukichukua ya bolti, tafuta mfumo wa Mauser 98: kucha ndefu ubavuni mwa bolti hushika ukingo wa ganda mara risasi inapotoka magazini. Katika mifumo mingine bolti husukuma tu risasi. Ukishtuka ukaivuta nyuma kabla ya kuifunga, ile ya kwanza hubaki chemba, ya pili huigonga kwa nyuma, na bunduki imekwama.

Ya mitutu miwili, kama .470 Nitro Express, hukupa risasi ya pili papo hapo. Lakini mitutu yake imepatanishwa kwa aina moja ya risasi. Ukibadilisha aina, kila mtutu unaweza kupiga pake.

Uzito uwe kilo 4 hadi 4.5 kwa .375, na karibu 5 kwa .458, nyepesi zaidi itakuumiza. Mtutu wa inchi 22 hadi 24. Kifungio cha usalama kizuie pini inayogonga risasi, si kifyatulio peke yake. Pete ya mbele ya mkanda iwe kwenye mtutu, la sivyo teke litakukata kidole. Kifaa cha kupunguza teke mdomoni mwa mtutu kiache: huumiza masikio ya walio kando yako.

Darubini ianzie ukuzaji wa 1 au 1.5, na jicho likae angalau sentimita 9 nyuma yake. Ikiwa karibu zaidi, itakupasua nyusi. Vishikizo viwe vya kufunguka haraka ili ubaki na vilengeo vya chuma.

5. Majaribio

Pitisha kila risasi utakayobeba kutoka magazini hadi chemba, laini na ngumu, polepole kisha kwa nguvu. Pua bapa ndizo hukwama zaidi. Fanya hivyo uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea salama.

Rekebisha shabaha ukiwa mezani, kisha achana na meza. Simama, egemeza bunduki kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, piga mita 50 hadi 100. Mwenzako achanganye risasi bandia na za kweli bila kukuambia: mtutu ukiinama bandia inapogonga, unaogopa teke. Rudi kwenye kaliba ndogo hadi hofu iishe.

Ukiwa porini, kagua jioni zilizobaki magazini. Kila unapofyatua, teke hugongesha pua zao ukutani mwa magazini; yenye pua iliyobonyea isirudi kwenye bunduki, itumie kwenye mazoezi.