Mwenye deni ni mtu wa serikali? Mngojee kwa peislipi

Mtu wa kawaida akihama na deni lako umempoteza, lakini mwalimu, nesi wa kaunti, chifu, polisi, hawa mshahara wao unapita mahali pamoja kila mwezi na hapo ndipo unamngojea.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Luanda, Vihiga, Kenya. Mwalimu mmoja alichukua mabati 40, saruji mifuko 30, jumla 66,500, akatuma 10,000 kwa M-Pesa halafu ikawa ni "mama, mwisho wa mwezi", na huo mwisho wa mwezi ukaja mara 14. Ukipita barabarani unaona paa linang'aa, na ni mabati yangu.

Kwanza kabisa usikimbie kwa hedimasta. Mimi nilienda, nikaaibisha mtu mbele ya walimu wenzake na sikupata hata shilingi, kwa sababu hedimasta si yeye anayemlipa mwalimu huyo. Uliza mshahara unatoka wapi. Mwalimu wa TSC (tume ya serikali inayoajiri walimu) analipwa na TSC Nairobi, wa BOM (aliyeajiriwa na bodi ya shule) analipwa na shule yenyewe, nesi na daktari wa hospitali ya kaunti ni kaunti tangu afya igatuliwe 2013, chifu na polisi ni serikali kuu. Ukiandika mwajiri mwingine karatasi zako zitazunguka tu. Na uwe na majina yote matatu vile yako kwa kitambulisho pamoja na namba yake ya kazi, siku hizi mimi sikopeshi hata msumari kabla sijapiga picha ya peislipi (anayekataa namwambia duka liko na mlango).

Andika barua ya madai, mpe siku, mimi nilitoa 14. Akinyamaza nenda korti ya madai madogo, Kisumu na Nakuru ziko. Inachukua deni lisilozidi milioni 1, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iishe kwa siku 60. Kesi unafungua kwa mtandao wa mahakama, kama hujui watu wa saiba wanajua. Beba daftari la duka lenye sahihi yake, meseji za M-Pesa, na zile WhatsApp zote za "nitalipa". Deni la namna hii unaweza kushtaki ndani ya miaka 6, na kila akilipa kidogo hesabu inaanza upya, kwa hivyo ile 10,000 yake ilinifaa mara mbili.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanakwama, wanashinda kesi wanaenda nyumbani wanangoja simu. Hukumu si pesa, lazima urudi uombe itekelezwe, na uchague njia. Unaweza kutuma madalali, lakini nao wana bili yao, na sheria haiwaruhusu kubeba vitanda, sufuria, nguo wala vifaa vya kazi, sasa unabaki na makochi ya kuuza bei ya kutupa. Mimi niliomba mshahara.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema thuluthi mbili za mshahara haziguswi, wewe unapigania ile thuluthi moja. Anapata 42,000? Basi juu kabisa ni 14,000 kwa mwezi. Shida ni kwamba hauko peke yako hapo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote ya mwajiri yakijumlishwa yasipite thuluthi mbili, na peislipi ya mwalimu unajua vile inakaa: loni ya benki, sako, bima, loni ingine ya kulipa ile loni. Ukiitisha 14,000 mahali pamebaki nafasi ya 6,000 utaambiwa hakuna nafasi. Kwa hivyo angalia peislipi kwanza ndio uombe kiasi kinachoingia, korti inaweza kuagiza makato ya kila mwezi. Deni na gharama zangu zilifika 61,000, nikaomba 5,000 kwa mwezi. Jirani yangu alinicheka eti nitalipwa mpaka nizeeke.

Oda ikitoka na muhuri, ipeleke kwa ofisi inayolipa mishahara na kopi yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Hiyo kopi ndiyo silaha yako wakisema hawajaona kitu. Ukifika payroll imeshafungwa makato yanaanza mwezi unaofuata, usianze kupigia watu kelele.

Usilalie hukumu pia. Ukiomba mshahara korti humwita kwanza aeleze kwa nini asikatwe, na kwa njia zingine humwita ukipitisha mwaka bila kutekeleza hukumu, na hapo unapoteza miezi. Na kama mdaiwa wako ana 58, 59, harakisha sana, akifika 60 anastaafu na pensheni ya serikali huwezi kuikamata kwa deni la duka.

Hesabu makato mwenyewe kwa daftari. Yangu ilikuwa 5,000 mara 12, mwezi wa 13 ikaingia 1,000, nikaandika barua korti na ofisi ya mishahara kwamba wamalize, maana wakikata zaidi ni wewe utarudisha.