Nyumba mpya inayobana umeme: jinsi ya kujua itakula kiasi gani kwa mwezi

Mabati yamewekewa foili kwa chini, dari ni ya gipsamu, taa zote ni LED, friji na kiyoyozi ni vya inverta. Bado LUKU inaweza kukushangaza mwezi wa pili, kwa sababu vifaa viwili au vitatu ndivyo vinavyobeba bili yote, na taa si kimojawapo. Hesabu zifuatazo ni za nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam: vyumba vitatu vya kulala, haina ghorofa, watu watano.

Bei halisi ya uniti

Kwa Tarifu 1, kundi la watumiaji wa kawaida, uniti ni shilingi 292. Ongeza VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, unafika 356. Ndiyo maana 10,000 inakupa uniti 28 na pointi kidogo. Ukitaka kuhakikisha, chukua risiti ya ununuzi wa pili wa mwezi, gawanya pesa kwa uniti. Usitumie ya kwanza, kwani hapo hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo na ghorofa. Kodi ya miezi usiyonunua hujilimbikiza.

Ile bei ya shilingi 100 ya watumiaji wadogo inaishia uniti 75 kwa mwezi, na kinachozidi hutozwa 350 kabla ya kodi. Nyumba yenye kiyoyozi huvuka 75 ndani ya siku kumi hivi, kwa hiyo usipangie bajeti juu yake.

Uniti za mwezi mmoja

Kanuni ni moja: wati mara saa, gawanya kwa 1,000.

- Kiyoyozi cha BTU 9,000, chumba kimoja, kwa saa 8 kila usiku: 84
- Feni tatu zenye maandishi ya BLDC (mota isiyo na brashi) kwenye boksi, wati 30 kila moja, saa 10 kwa siku: 27
- Friji ya lita 250: 24
- Runinga na king'amuzi: 18
- Pampu ya maji ya HP 1, dakika 40 kwa siku: 15
- Taa kumi za wati 9, saa 5 kwa siku: 14
- Pasi, saa moja mara tatu kwa wiki: 14
- Presha kuka ya umeme: 12
- Ruta na chaja: 7
- Mashine ya kufulia, maji baridi: 4

Jumla ni uniti 219, yaani kama 78,000. Weka kodi ya jengo, iwe 79,500. Feni za kawaida za wati 75 zingekula uniti 67 badala ya 27, na hiyo ni tofauti ya shilingi 14,000 kila mwezi.

Kwenye orodha hakuna maji ya moto, na ndipo bajeti nyingi zinapovunjika.

Maji ya kuoga

Shawa ya umeme ya kilowati 5 ikiwaka dakika kumi inakula uniti 0.83. Watu watano, mara moja kwa siku, ni uniti 125 kwa mwezi: shilingi 44,500. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote bafuni kinapandisha bili kwa zaidi ya nusu.

Hita ya jua ya lita 200 inaitosha familia hii kwa lita 40 kwa kila mtu. Ielekee kaskazini, mteremko usipungue nyuzi 10 ili maji ya moto yapande yenyewe kwenda kwenye tangi. Fundi akiilaza kabisa ili ifuate paa lisilo na mwinuko, mzunguko unalegea, na utaambiwa hita ni mbovu.

Kosa la gharama kubwa zaidi ni swichi ya koili ya akiba, yaani koili ya umeme iliyo ndani ya tangi la hita ya jua. Ikiachwa imewashwa, familia inaoga jioni, tangi linajaa maji baridi, koili inalipasha usiku kucha. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 27 hadi 60 ni uniti 7.7, kama shilingi 2,700 kwa usiku mmoja. Jua likichomoza linakuta maji yameshapata moto, halina kazi. Weka taima, au iwashwe kwa mkono siku za mawingu tu, kabla ya kuoga.

Funika bomba la maji moto kwa sponji maalumu ya mabomba. Bomba la milimita 25 lenye urefu wa mita 15 hubeba zaidi ya lita 3, na hizo ndizo zinazomwagwa kila mtu anaposubiri maji yawe moto. Kama unatumia kisima chenye chumvi na tangi ni la chuma cha enameli, fimbo ya magnesiamu, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikaguliwe kila mwaka. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tangi lenyewe.

Chumba chenye kiyoyozi

Pwani kiyoyozi hakipozi hewa tu, kinakausha unyevu pia, na unyevu mpya huingia kupitia matundu. Ziba matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha la chumba hicho, weka mpira chini ya mlango, kisha tumia nyuzi 26 pamoja na feni. Dirisha la magharibi ndilo adui mkubwa: pazia la ndani halisaidii sana maana joto limeshapita kioo. Kivuli kiwe nje. Chujio lisafishwe kila wiki mbili.

Kumsaka anayekula kimyakimya

Tafuta taa ndogo inayomweka kwenye mita, na maandishi "imp/kWh", yaani idadi ya mimweko kwa uniti moja. Zima kila kitu, kisha hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Kwa mita ya 1,000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, unapata wati zinazotumika sasa hivi. Kwa mita ya 1,600, gawanya 2,250. Sekunde 30 kwenye mita ya 1,000 ni wati 120: kuna kitu kinawaka. Zima swichi za kwenye kisanduku cha umeme moja moja hadi umpate.

Kama mita iko kwenye nguzo, soma uniti zilizobaki kwenye kidude cha ndani kabla ya kulala na tena alfajiri.

Mshukiwa wa kwanza ni pampu inayojiwasha usiku, na chanzo chake kwa kawaida ni choo kinachovuja. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri dakika 20 bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha mpira wa valvu. Hapo unapoteza maji na umeme kwa pamoja.

Gesi au umeme jikoni?

Kilo moja ya gesi kwenye jiko la kawaida hufanya kazi sawa na uniti 7 hadi 8 kwenye jiko la indaksheni, yaani kama shilingi 2,700. Gawanya bei ya mtungi kwa kilo zake. Ikizidi 2,700, umeme una nafuu, na kwa maharage presha kuka inashinda vyote viwili. Pima mtungi dukani kwa mizani: uzito wote utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye shingo. Kilo moja ikikosekana kwenye mtungi wa 15, bei yako halisi imepanda kwa 7%.

Fedha ya matengenezo

Hii iwe kwenye akaunti yake. Orodhesha kila kitakachohitaji fundi: huduma ya viyoyozi, kunyonya shimo la maji taka, pampu, betri kama unazo, rangi ya nje. Gawanya gharama ya kila kimoja kwa miezi kinayotarajiwa kudumu. Pampu ya 300,000 unayoitarajia miaka mitano ni 5,000 kwa mwezi, na hukaa kwenye bajeti hata mwaka ambao haijaharibika.