Kuhifadhi majadiliano ya kikundi ya barua pepe

Oktoba 2019 Yahoo ilitangaza kuwa itafuta yaliyomo kwenye Yahoo Groups, huduma yake ya vikundi vya barua pepe, na vikundi vikaachiwa muda mfupi kunusuru mazungumzo ya miaka mingi. Msisubiri tangazo la namna hiyo. Hifadhini, ila kwanza ulizaneni: watu waliandika wakiamini nani atasoma? Kama kikundi kilikuwa cha faragha, kumbukumbu nayo ibaki ya faragha. Teueni pia mtu wa kupokea maombi ya wanaotaka barua zao ziondolewe.

Pakueni barua zenyewe katika faili la mbox, yaani faili moja la matini linalobeba barua nyingi kwa mfuatano, si PDF wala picha za skrini. Kila barua hubeba maelezo yasiyoonekana: Message-ID huitambulisha, In-Reply-To na References husema inajibu barua ipi. PDF huyatupa hayo, na jibu hubaki bila swali lake. Mmiliki wa kikundi cha Google Groups hupata mbox kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data. Kwenye Mailman 2, programu ya kuendesha vikundi vya barua pepe, mwombeni msimamizi wa seva faili kamili la mbox, kwa sababu matini ya kila mwezi inayopakuliwa kwenye kurasa za Pipermail, yaani kumbukumbu zake za mtandaoni, mara nyingi huwa imeondolewa viambatisho.

Sasa kagueni, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Ndani ya mbox, barua mpya huanza kwa mstari wenye neno From na nafasi. Mtu akianza sentensi yake kwa neno hilohilo, programu mbovu huikata barua vipande viwili. Programu nzuri hutanguliza alama ya > kabla ya neno hilo. Kwa hiyo linganisheni idadi ya barua na ile ya kwenye mfumo. Fungueni faili kwa programu ya barua pepe ya Thunderbird, msome barua kama 20: za kale kabisa, za karibuni, zenye viambatisho. Herufi zikivurugika, rekebisheni kwenye nakala, kamwe si kwenye faili la asili. Mafaili yaliyotumwa kama viungo tu hayamo ndani ya mbox. Yapakueni kivyake kabla viungo havijafa.

Wekeni nakala 3 kwenye vyombo vya aina 2, moja ikae jengo jingine. Andikeni alama ya uhakiki ya SHA-256 ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, na kuihakiki kila mwaka. Ikibadilika, faili limeharibika, rudisheni kutoka nakala nzima. Nywila ya kufungulia kumbukumbu wawe nayo watu wawili.

Mkikubaliana kuweka toleo la wazi, litoeni kwenye nakala iliyofutwa namba za simu, anwani na habari za afya.