Kaktasi Kalunguyeye Huchanua kwa Kunyimwa

Swali linalonifikia mara nyingi kuhusu kaktasi hii ni hili: mbona yangu imenawiri, haina ugonjwa, lakini miaka inapita bila ua? Kabla ya kujibu nami huuliza: ulisimamisha maji lini mara ya mwisho? Jibu karibu kila mara ni kwamba hajawahi kusimamisha. Anaimwagilia kidogokidogo mwaka mzima, kwa huruma. Mmea huu unataka msimu mmoja wa kiu na ubaridi kila mwaka, na usipoupata hunenepa tu, ukarefuka ovyo, na mara nyingine ukaoza kabla mwenyewe hajaijua rangi ya ua lake.

Jina lake la kitaalamu ni Echinocereus. Lilitolewa mwaka 1848 na George Engelmann, daktari na mtaalamu wa mimea, kutokana na neno la Kigiriki la kalunguyeye na neno la Kilatini la mshumaa wa nta. Ukiona mashina yake mafupi yenye mbavu, yamejaa miiba kila upande kama kalunguyeye aliyejikunja kwa hofu, huhitaji kuelezwa zaidi. Kwao ni Mexico na maeneo makavu ya Marekani, hasa Texas, New Mexico na Arizona, ingawa Echinocereus viridiflorus, yenye maua ya kijani, imefika kaskazini hadi South Dakota ambako theluji si habari. Usiichanganye na mpungate wenye vipande bapa. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini matunzo hayafanani.

Huko kwao usiku wa majira ya baridi maji huganda. Mmea hujiandaa mapema kwa kuacha maji yapungue mwilini. Mashina hunywea, ngozi hukunjamana, rangi hufifia au huwa ya zambarau, na spishi nyingine hulala chini kana kwamba zimekufa. Utomvu unaobaki huwa mzito, na utomvu mzito haugandi upesi. Ndiyo maana Echinocereus triglochidiatus iliyo kavu huvumilia baridi iliyo chini kabisa ya sifuri, ilhali ileile iliyonyweshwa maji wiki iliyotangulia hupasuka seli zake, na siku chache baadaye unashika shina laini kama papai lililoiva kupita kiasi. Kwa hiyo ukiona kaktasi yako imesinyaa katika miezi ya baridi, usikimbilie kopo la maji. Imelala.

Katika usingizi huo ndimo maua huandaliwa. Lenga nyuzijoto 5 hadi 10 usiku, mahali penye mwanga na hewa inayopita, na maji sifuri kwa miezi mitatu hadi minne. Chumba chenye kipasha joto hakifai, hata kama dirisha lake ni zuri kiasi gani. Na mahali pasipo majira ya baridi? Chagua miezi yenye ubaridi zaidi mwakani, uweke mmea kwenye hewa ya nje chini ya paa linalopitisha mwanga ili mvua isiufikie, kisha uache kumwagilia kabisa. Hutapata maua kwa kila spishi, lakini kiu ya kweli huweza kufidia sehemu ya ubaridi uliokosekana. Penye joto na unyevu usiku kucha ndipo pagumu zaidi, kwa sababu kaktasi hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, si mchana, na usiku wa joto huutoa mmea jasho wakati ule ule unaotaka kuvuta hewa. Nyanda za juu zenye usiku wa ubaridi huwa rahisi kuliko pwani.

Mwisho wa mapumziko ndipo wengi hukosea kwa haraka. Jua linaanza kuwa kali, mwenye mmea anaona umesinyaa, anaumwagilia mara moja hadi chungu kinafurika. Subiri. Subiri hadi uone vichomozo vya maua vyenyewe. Ukianza maji mapema mno, mara nyingi mmea huamua kukua badala ya kuchanua, na kile kilichokuwa kiwe ua hugeuka kuwa chipukizi la shina. Vichomozo vikishaonekana, nyunyiza kidogo mara moja, ngoja wiki, kisha anza kumwagilia kwa kawaida.

Na hapa kuna jambo la kipekee ambalo limewagharimu watu maua yao. Katika kaktasi nyingi ua huota kutoka kwenye kifundo cha miiba chenyewe. Katika kalunguyeye, kichomozo hujengeka ndani ya shina, na siku ya kutoka hupasua ngozi kidogo juu ya kifundo na kujitokeza. Utaona uvimbe, kisha ufa, kisha ncha yenye nywele au vimiiba laini. Nimeshashuhudia mtu akikwangua ufa huo kwa ncha ya kisu akidhani kuna funza ndani. Alikwangua maua manne. Ukiona uvimbe wa namna hiyo baada ya mapumziko, weka kisu mbali na usubiri wiki mbili. Kovu dogo litakalobaki baada ya ua kukauka ni la kawaida pia, wala halihitaji dawa.

Ua lenyewe linastahili subira. Kwa spishi nyingi ni kubwa kuliko unavyotarajia kwa shina dogo vile: waridi iliyokolea, zambarau, njano, au nyekundu ya moto. Katikati utaona stigma, ncha ya ua inayopokea chavua, ya rangi ya kijani, na hiyo ni alama karibu ya kundi zima, nzuri kwa kutambua mmea uliouziwa bila jina. Maua mengi hujifunga usiku na kufunguka tena asubuhi kwa siku kadhaa. Yale mekundu ya Echinocereus triglochidiatus hukaa wazi mchana na usiku, na huko kwao huhudumiwa na ndege wavumao.

Sasa udongo, maana kiu haina maana kama chungu kinashika maji. Udongo wa bustani peke yake haufai, na hata ule unaouzwa kwa jina la udongo wa kaktasi mara nyingi una mboji nyingi mno. Mimi huchanganya theluthi mbili au zaidi ya vitu vigumu: pumisi (mawe mepesi ya volkano), changarawe ndogo ya milimita 3 hadi 6, au matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi. Theluthi inayobaki ni mboji iliyoiva vizuri. Mchanga uwe wa chembe kubwa. Mchanga mwembamba hujaza nafasi za hewa na kugeuka kama saruji, na mchanga wa baharini una chumvi. Jaribu mchanganyiko kabla ya kupanda: jaza chungu, mimina maji. Yakisimama juu hata kwa kuhesabu hadi kumi, ongeza changarawe.

Kuna ushauri wa zamani wa kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Uache. Maji hayaingii kwenye kokoto hadi udongo ulio juu yake ujae kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kusogeza tope karibu zaidi na mizizi. Ziba tundu kwa kigae kimoja au kipande cha wavu, ujaze mchanganyiko uleule kuanzia chini hadi juu. Kokoto ziweke juu kabisa, kuzunguka shingo ya mmea, ili sehemu hiyo ikauke upesi. Kuoza huanzia hapo.

Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa anayependa kumwagilia, kwa sababu kinapumua. Spishi zinazotoa vichaka vya mashina hutaka chungu kipana kisicho kirefu. Echinocereus poselgeri na Echinocereus schmollii, zenye mashina membamba na mizizi mizito kama viazi, hutaka kina. Hamisha mmea ukiwa mkavu, uushike kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa, na usimwagilie kwa wiki moja baadaye, ili mizizi iliyokatika ipone.

Katika msimu wa kukua, kumwagilia ni kwa kujaza na kuacha. Mwagia hadi maji yatoke chini, kisha usiguse hadi udongo ukauke mpaka kitako. Chomeka kijiti cha mishikaki. Kikitoka na unyevu au chembe zilizoganda, rudi siku nyingine. Ukishazoea, uzito wa chungu mkononi utakuambia. Kijiko cha maji kila siku ndicho kibaya zaidi: juu panalowa, shingo inaoza, na mizizi ya chini inakufa kwa kiu.

Mwanga hauna mengi. Mpe jua la moja kwa moja, kadiri uwezavyo, saa sita kwa siku au zaidi. Shina linalochongoka juu, jembamba na lenye rangi hafifu, limekosa mwanga, na sehemu hiyo haitanenepa tena hata ukiihamisha. Tahadhari ni moja: mmea uliokaa ndani usiutoe juani siku moja, utaungua mabaka meupe yanayogeuka kahawia na kubaki hivyo milele. Uzoeshe kwa wiki mbili au tatu.

Mbolea iwe yenye nitrojeni kidogo na potasiamu zaidi, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati wa kukua tu. Samadi mbichi hapana.

Adui wa kudumu ni vidung'ata, wale weupe kama vipande vya pamba, wanaojificha kati ya mbavu ambako miiba inakuzuia kufika. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti na uwaguse mmojammoja, jioni, mmea ukiwa kivulini. Rudia kila wiki hadi waishe, maana mayai hubaki. Kuna aina inayokaa kwenye mizizi, na hii ndiyo ya kuhofia mmea unapokataa kukua bila sababu: utoe chunguni, na ukiona unga mweupe kwenye mizizi, osha udongo wote, kata mizizi iliyokufa, kausha kwa siku kadhaa, panda kwenye udongo mpya. Utitiri mwekundu hauonekani kirahisi kwa macho. Alama yake ni ngozi changa kugeuka kijivu au rangi ya kutu, kama iliyosuguliwa kwa msasa. Hewa kavu iliyotuama huwapendeza, mzunguko wa hewa huwapunguza. Lakini sehemu ya chini ya shina kuwa ngumu na ya kahawia kama gome, pole pole kwa miaka, si ugonjwa. Ni uzee. Bonyeza: ikiwa ngumu, iache, ikiwa laini, kata leo.

Kukata ni hivi. Kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, kata juu ya sehemu iliyooza, angalia ndani. Ukiona doa la kahawia au la rangi ya chungwa, kata tena juu zaidi, ukifuta kisu kila mara, hadi nyama iwe safi yote. Kipande kiache kivulini wiki moja hadi mbili kidonda kikauke na kufanya ngozi, kisha kisimamishe juu ya changarawe kavu. Maji yasubiri mizizi. Vichipukizi vya pembeni hutenganishwa kwa njia hiyohiyo, na kwa anayeanza ningependekeza Echinocereus pentalophus, yenye mashina laini kama vidole yanayotambaa, kwa sababu inasamehe mengi. Echinocereus rigidissimus, ile nzuri yenye mikanda ya miiba ya waridi na nyeupe, waachie waliokwisha kuozesha moja mbili. Haivumilii unyevu hata kidogo, na kwa kawaida haitoi vichipukizi vya kukuokoa.

Unaponunua, tikisa ua. Si mzaha: wapo wanaobandika maua makavu kwa gundi juu ya kaktasi, nayo huziba kitovu cha ukuaji. Ua halisi la kalunguyeye hutoka ubavuni au karibu na kilele, kupitia ngozi iliyopasuka. Chagua pia mmea uliooteshwa kitaluni. Ule uliong'olewa porini hujulikana kwa makovu, miiba iliyovunjika ovyo na mzizi mkuu uliokatwa, na mara nyingi hufa mikononi mwa mnunuzi. Kaktasi karibu zote zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuvusha mimea mipakani kunahitaji vibali; Echinocereus schmollii ya Querétaro, Mexico, imo kwenye orodha ya kwanza, iliyo kali kuliko zote.

Njia ya bei nafuu ni mbegu. Spishi nyingi hazijichavushi, hivyo unahitaji mimea miwili isiyotokana na chipukizi moja, ikichanua pamoja, na brashi laini ya kuhamisha chavua. Tunda huvimba likiwa na miiba, kisha miiba hulegea likiiva na kufutika kwa kidole. Onja kabla ya kukamua mbegu zote. La Echinocereus stramineus lina ladha inayofanana na stroberi. Osha mbegu, zikaushe kivulini, uzitawanye juu ya mchanganyiko wenye changarawe uliomwagiwa maji yanayochemka na kupoa, bila kuzifukia. Funika kwa plastiki angavu, weka penye mwanga usio wa jua kali kwa nyuzijoto 20 hadi 25. Miche ya kwanza huonekana baada ya wiki moja hadi tatu, kama vitone vya kijani. Ukungu ukitokea, fungua plastiki siku hiyohiyo. Vinginevyo iache imefunikwa miezi kadhaa, kisha uizoeshe hewa kwa kutoboa tundu moja moja. Mwaka wa kwanza usiinyime maji katika miezi ya baridi kama wazazi wake; bado haina akiba ya kutosha mwilini. Mapumziko kamili yaanze mwaka wa pili, na ua la kwanza, kwa spishi nyingi, litarajie kati ya mwaka wa 3 na wa 5.